Kigamboni: Zuio Lisilo na Tarehe ya Mwisho

Kila unapozuka mjadala kuhusu ujenzi holela pembezoni mwa Dar es Salaam, lawama huelekezwa upande mmoja: wananchi hawafuati sheria, wanajenga kabla ya kupimiwa, wanauziana maeneo kwa karatasi za serikali ya mtaa na kuziba njia kwa kuta zao. Mimi ni mkazi wa Kigamboni, na sikatai kwamba hayo yote yapo, kwa kuwa nayaona kila siku. Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao haupewi uzito unaostahili. Mamlaka ya mipango inapotangaza mpango mkubwa, ikawazuia watu kujenga na kuuza, kisha miaka ikapita bila mpango kutekelezwa wala kufutwa, mamlaka hiyo yenyewe huwa imepanda mbegu ya ujenzi holela. Hapa kwetu tumeshuhudia jambo hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na athari zake bado tunaishi nazo.

Kwa asiyeifahamu Kigamboni, ni eneo lililo ng'ambo ya mlango wa bandari, upande wa kusini-mashariki mwa jiji. Kutoka Magogoni unavuka kwa pantoni kwa dakika chache tu, lakini kwa miaka mingi mwenye gari aliyetaka kukwepa foleni ya pantoni alilazimika kuzunguka kupitia Mbagala na Kongowe. Ndiyo maana jiji lilipokuwa likitanuka kwa kasi kufuata barabara za Morogoro, Bagamoyo, Kilwa na Pugu, huku kwetu kuliendelea kuwa na mashamba ya minazi, mikorosho na miembe, pamoja na vijiji vya wavuvi. Hali ilibadilika kwa awamu, na badiliko kubwa zaidi lilikuja Aprili 2016, lilipozinduliwa Daraja la Nyerere lenye urefu wa mita 680. Wakati huohuo tuliacha kuwa sehemu ya Temeke tukawa wilaya na manispaa inayojitegemea. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 317,902 wilayani Kigamboni, karibu mara mbili ya waliohesabiwa katika eneo hilohilo miaka kumi kabla yake.

Si kweli kwamba serikali haikuwahi kuipanga Kigamboni, na wala si kweli kwamba wakazi wake wanachukia kupangwa. Gezaulole ilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo vya ujamaa katika mkoa wetu miaka ya 1970, na baadhi ya waliopelekwa huko walikuwa watu wasio na kazi waliotolewa mjini. Mwaka 2002 ulianza Mradi wa Viwanja 20,000, ambao ulipima maeneo mbalimbali ya pembezoni mwa jiji, yakiwamo Kibada, Gezaulole na Mwongozo kwa upande wetu. Mradi ule ulikuwa na kasoro zake, hasa katika fidia kwa waliokuwa na mashamba na katika ukweli kwamba viwanja vingi viliishia mikononi mwa watu wenye uwezo waliokaa navyo bila kuviendeleza. Pamoja na hayo, ukifika Kibada leo unaiona tofauti kwa macho: barabara zimenyooka, kila nyumba inafikika kwa gari, na maeneo ya shule na masoko yalitengwa kabla nyumba hazijajengwa. Watu walinunua viwanja vile na kujenga kwa kufuata ramani, hakuna aliyehitaji kusukumwa. Nauweka mfano huu mbele kwa sababu unajibu ile hoja ya kwamba wananchi wa huku ni wakaidi kwa asili.

Oktoba 2008 ndipo lilipotoka tangazo la mradi wa Mji Mpya wa Kigamboni. Eneo la hekta 6,494, lililojumuisha Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada na maeneo ya jirani, lilitangazwa kuwa eneo la mipango chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Wataalamu kutoka Korea Kusini walishirikishwa kuandaa mpango kabambe, na michoro iliyotolewa ilionyesha majengo marefu, maeneo ya biashara na utalii, barabara pana na bustani. Pamoja na tangazo hilo lilikuja zuio la kuendeleza na kuhamisha ardhi ndani ya eneo la mradi, ambalo lilielezwa kuwa la miaka miwili. Baadaye, wakati Profesa Anna Tibaijuka akiwa Waziri wa Ardhi, uliundwa wakala maalumu wa kuuendeleza mji huo, KDA, na eneo la mradi likapanuliwa hadi hekta 50,934 kwa kuingiza kata za kusini za Kimbiji, Pemba Mnazi na Kisarawe II. Mbunge wetu wa wakati huo, marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, alilipigia kelele suala hili bungeni mara kwa mara, akitaka wananchi waelezwe hatima yao, walipwe nini na lini.

Mwaka 2015, waziri aliyefuata, William Lukuvi, alitangaza kwamba eneo la mradi lingerudishwa kwenye zile hekta 6,494 za awali. Hatimaye KDA nayo ilivunjwa na majukumu yake yakahamishiwa manispaa. Mji mpya wa kwenye michoro haukujengwa.

Katika nyaraka, habari hii inaweza kuandikwa kwa aya moja kama nilivyofanya hapo juu, lakini kwa aliyeishi ndani yake, miaka ile ilikuwa na maana nyingine kabisa. Jirani yangu mmoja, mzee mwenyeji wa huku aliyestaafu kazi bandarini, alikuwa na nyumba iliyokuwa imefika kwenye linta tangazo lilipotoka. Mbao za kenchi na bati alikwisha kununua kwa mafao yake na kuzihifadhi chumbani, katika nyumba ndogo ya zamani aliyokuwa akiishi na familia yake. Alipokwenda kuulizia kibali katika ofisi husika, alielezwa kwamba eneo liko ndani ya mradi na hakuna kibali kitakachotolewa, asubiri. Akasubiri. Nilipokuwa nikipita kumsalimia jioni, tulikaa nje ya lile pagale, na kila msimu wa mvua niliona mistari ya kijani ikishuka kwenye tofali na mipapai ikiota ndani ya vyumba ambavyo vilikusudiwa kuwa vya watoto wake. Siku aliyofungua chumba kile ili auze zile mbao, alikuta mchwa amekwisha kufika. Aliniambia, "Mwanangu, mimi serikali nimeitumikia maisha yangu yote, ikiniambia simama nasimama. Lakini mtu akikusimamisha si anakwambia pia utembee lini?"

Swali la mzee yule ndilo kiini cha ninachokieleza. Zuio lina gharama, na gharama hiyo hulipwa kila mwezi na mtu aliyezuiwa. Bei ya saruji na nondo inapanda wakati yeye amekaa. Hawezi kuuza kipande cha shamba ili amsomeshe mtoto au amtibu mgonjwa, labda auze kwa siri na kwa bei ya hasara. Benki haiwezi kuchukua dhamana ya eneo ambalo hakuna anayejua kesho litakuwa la nani. Hata kupaka rangi nyumba unayoishi kunakuwa jambo la kujiuliza, kwa kuwa huenda fedha hiyo unaitupa. Wapo waliolima mazao ya msimu tu kwa miaka mingi, wakiogopa kupanda mnazi ambao huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Sasa linganisha na wale ambao hawakusubiri. Ardhi isiyoweza kuuzwa rasmi ilianza kuuzwa kwa njia zisizo rasmi, na kwa kuwa mnunuzi alijua muuzaji hana mahali pengine pa kwenda, aliipata kwa bei ndogo. Madalali walikuwapo, mashahidi wa kutia saini walikuwapo, na karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa ilipatikana. Watu walijenga kwa haraka, mwisho wa wiki na nyakati ambazo maofisa hawapiti, wakaweka familia ndani kabla rangi haijakauka, kwa sababu kila mtu anajua kwamba nyumba yenye watoto ndani ni vigumu kubomolewa kuliko msingi mtupu. Mashamba yaligawanywa vipande vya hatua ishirini kwa ishirini, na njia iliyoachwa katikati ilikuwa ya kupita toroli la maji au bodaboda. Hakuna mpima aliyehusika wala afisa mipango miji aliyeuliza shule itakaa wapi. Katika miaka ambayo mpango mkubwa kuliko yote ulikuwa mezani, Kigamboni ilijengeka bila mpango kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka.

Kisha ukaja urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango. Niseme wazi kwamba nauunga mkono kwa moyo wote, na nilikuwa miongoni mwa waliohimiza majirani wachangie. Asilimia kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika maeneo ambayo hayakupangwa, na hakuna serikali yenye akili timamu inayoweza kuwabomolea wote. Wanaostahili kutambuliwa na kupewa hati ni watu wa kawaida waliotafuta mahali pa kulala. Hata hivyo, hebu tutazame matokeo kwa pamoja. Aliyejenga wakati wa zuio alipimiwa nyumba yake ilipo, akapewa namba ya kiwanja, na leo ana njia ya kupata hati. Aliyetii akabaki na pagale na mbao zilizoliwa, na hakuna kifungu cha sheria ninachokijua kinachomlipa mtu kwa miaka aliyosubiri mradi ambao haukuja. Somo lililotolewa na mamlaka kwa wananchi, hata kama halikukusudiwa, limeeleweka vizuri mno. Ukimwambia kijana wa huku leo kwamba asijenge kwa kuwa eneo linaandaliwa mpango, atakutajia nyumba za waliojenga wakati ule na hali ya waliosubiri.

Na urasimishaji wenyewe hauwezi kurudisha kila kilichopotea. Katika mtaa wetu, kikao cha kukubaliana upana wa barabara kilianza asubuhi chini ya mwembe na kikamalizika alasiri. Mpima alitandika picha ya anga juu ya meza ya plastiki, akatuonyesha kwa kalamu mahali ambapo kulistahili kupita barabara ya mita nane. Alipoanza kutaja kuta zilizokuwa ndani ya mita hizo, mama mmoja aliyejenga choo na jiko lake upande ule alisimama akauliza ni nani angemjengea kingine. Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu urasimishaji unagharamiwa na wakazi wenyewe na hauna bajeti ya fidia. Mita nane zikawa sita, na mahali fulani zikawa nne, ambazo gari la zimamoto haliwezi kupita kwa usalama iwapo kuna gari jingine limeegeshwa. Eneo la wazi halikupatikana kabisa. Shule ya msingi ambayo watoto wetu wanasoma iko umbali wa kuvuka barabara kuu, na itaendelea kuwa huko. Vitu hivi vingewezekana kirahisi mwaka 2008, wakati mashamba yalikuwa bado mashamba na mwenye ekari tatu angeweza kuachia ukanda wa barabara bila kupoteza nyumba.

Mfano wa maji unaonyesha jambo hilohilo kwa namna nyingine. Hazina ya maji ya chini ya ardhi katika ukanda wa Kimbiji ilijulikana kwa muda mrefu kabla visima virefu havijaanza kutuhudumia, na mradi wa maji wa Kigamboni, pamoja na tangi la lita milioni 15 lililojengwa Kisarawe II, ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Novemba 2022, wakati jiji zima likihangaika kwa ukame wa Mto Ruvu. Ilikuwa hatua kubwa ambayo tuliishukuru na bado tunaishukuru. Lakini tangi ni kitu kimoja na bomba kufika nyumbani ni kitu kingine. Mafundi walipoanza kulaza mabomba katika mitaa isiyo na barabara, ilibidi wapite kwenye vichochoro, wakunje kona baada ya kona, na mara nyingine waombe ridhaa ya mtu mmoja mmoja ili wapite uani kwake. Kibada, ambako njia zilikwisha kutengwa, hawakuwa na haja ya kuomba ridhaa ya namna hiyo.

Nisieleweke kwamba nawatupia mzigo maofisa wa mipango miji kama watu binafsi. Nimekutana na vijana wataalamu katika halmashauri wanaoijua kazi yao vizuri na wanaoumia kuona ramani walizochora zikipitwa na nyumba. Tatizo liko katika muundo. Dar es Salaam imekuwa na mipango kabambe tangu mwaka 1949, ikafuata ya 1968 na 1979, na baada ya hapo jiji likaenda kwa miaka mingi bila mpango kabambe mpya huku watu wakiongezeka. Leo sera na mamlaka kuu ya ardhi iko wizarani Dodoma. Barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA, maji chini ya DAWASA. Na halmashauri, ambayo ndiyo inayolaumiwa na mwananchi, haina kauli ya mwisho juu ya mengi kati ya hayo. Hata Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiunganisha manispaa zote ilivunjwa Februari 2021, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Sina kinyongo na uamuzi huo, kwani malalamiko juu ya kurudufisha majukumu yalikuwa ya kweli. Ila maswali yanayovuka mipaka ya manispaa, kwa mfano wakazi wa Kigamboni wanaofanya kazi Ilala wasafiri vipi na kwa gharama ya nani, yanahitaji meza moja ya kuyajadili, na meza hiyo kwa sasa siioni. Suala la tozo za daraja ni ushahidi: tulilalamika tangu lilipofunguliwa kwamba sisi ni wakazi wa jiji pekee tunaolipia kuingia katikati ya jiji letu, na ilichukua hadi mwaka 2022 ndipo tozo zikapunguzwa.

Pendekezo langu ni moja, na halihitaji fedha nyingi. Zuio lolote la kuendeleza ardhi kwa ajili ya mpango liwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa katika tangazo lenyewe, na tarehe hiyo ikifika kabla fidia haijalipwa au kazi haijaanza, zuio life lenyewe bila kusubiri waziri atoe tamko. Wazo hili si geni katika sheria zetu. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 tayari inatambua kwamba tathmini ya fidia haiwezi kukaa milele: fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi sita, ikichelewa inaongezewa riba, na miaka miwili ikipita bila malipo, tathmini ile inapoteza uhai na inapaswa kufanywa upya. Ikiwa bunge liliona kwamba haki inadai karatasi ya mthamini iwe na ukomo, sioni kwa nini tangazo linalofunga maisha ya maelfu ya kaya lisiwe na ukomo wa nguvu ileile. Tangazo la 2008 lilitaja miaka miwili. Kilichokosekana ni utaratibu wa kuifanya miaka miwili iwe miaka miwili kweli.

Ukomo huo ungewasaidia hata wapangaji wenyewe. Ofisa anayejua kwamba ana miezi ishirini na nne tu atachagua jambo linalowezekana ndani ya muda huo, na kwa mji unaokua kwa kasi kama wetu, linalowezekana ni kutenga njia. Anza na barabara. Weka bikoni, yaani alama za mipaka, za barabara kuu za mtaa, ukanda wa mabomba na mifereji, eneo la shule na zahanati, kisha waache watu wauze na wajenge pembeni yake. Majengo marefu yanaweza kusubiri mwekezaji, na tumeona jinsi hata mradi wa nyumba wa Dege, hukuhuku Kigamboni, uliokusudiwa kuwa na maelfu ya nyumba, ulivyosimama ukiwa katikati. Ukanda wa barabara ukishajengwa juu yake, hausubiri mtu.

Nayaandika haya sasa kwa sababu kata za kusini bado hazijafika tulipofika sisi. Ukienda Kimbiji, Pemba Mnazi au ndani ya Kisarawe II utakuta mabango ya viwanja vinavyouzwa yamepigiliwa kwenye minazi, namba za simu za madalali zimeandikwa kwa mkono, na mashamba makubwa ambayo yanakatwa vipande wiki baada ya wiki. Kata hizi ziliingizwa kwenye mradi zikatolewa, na wakazi wake wanakumbuka. Manispaa ikifika kule ikiwa na mpima, ramani ya barabara na tarehe, naamini itapokelewa, kwa kuwa mwenye shamba anajua kwamba kiwanja kilicho kando ya barabara iliyopimwa kinauzwa kwa bei nzuri kuliko kisicho na njia. Ikifika na tangazo la kuzuia peke yake, watu watalisoma, watalikunja, na jioni ileile mafundi wataitwa.